Kuwaleta vipepeo uwanjani kwako: anza na mdimu

Anayetaka vipepeo nyumbani kwake mara nyingi huanzia kwenye kitalu cha maua. Hununua miche mitano sita iliyochanua vizuri, huipanga mbele ya baraza, kisha hungoja. Vipepeo huja kweli, hunyonya kidogo, halafu huvuka ukuta na kwenda zao. Ua humpa kipepeo chakula cha siku hiyo tu. Kinachomfanya abaki, azaliane na kizazi chake kirudi palepale ni jani ambalo watoto wake, yaani viwavi, wanaweza kulila.

Kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache ya kutagia. Kiwavi wa kwenye mdimu ukimhamishia kwenye mwembe atakufa njaa huku amezungukwa na majani. Kwa hiyo bustani ya vipepeo inapangwa kwa kufikiria kwanza tumbo la kiwavi, na maua yanafuata baadaye. Ukilikubali hilo, ukakubali pia kuona majani yenye matundu bila kukimbilia bomba la dawa, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Mwongozo huu nimewaandikia zaidi wakazi wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara. Aliye Arusha, Nairobi, Kampala au Bukavu naye atakuta mengi yanamfaa, kwa sababu vipepeo kadhaa nitakaowataja wameenea karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara.

Hatua ya kwanza: kagua ulicho nacho

Kabla hujatoa hata shilingi, chagua asubuhi yenye jua, ukae uwanjani kati ya saa tatu na saa sita. Angalia anayepita na anachofanya. Kipepeo anayeruka kwa haraka juu juu yuko safarini. Anayetua kwenye ua akatulia anakula. Unayemtafuta hasa ni yule anayeruka chini, polepole, akigusa jani hili na lile bila kujali maua. Huyo ni jike anayetafuta pa kutagia. Vipepeo huonja kwa miguu, na jike hulipigapiga jani kwa miguu ya mbele ili ajue kama ndilo lenyewe. Akiridhika, anapinda ncha ya tumbo lake hadi iguse jani, anatulia kidogo, anaondoka. Sogea uangalie pale alipogusa: utakuta yai.

Uwanja wa kawaida wa Mswahili tayari una mimea ya kutagia. Mdimu, mlimau, mchungwa na mchenza hulisha viwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano kila mahali, na pia Papilio nireus, mweusi mwenye mkanda wa buluu unaong'aa. Mstafeli na mtopetope ni wa vipepeo wa jamii ya Graphium, warukaji hodari ambao ni vigumu kuwaona wametua. Mjohoro wa kando ya barabara ni wa Catopsilia florella, weupe au wa njano, wale ambao baadhi ya miaka huonekana wakipita kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja. Kwenye kunde na mbaazi kuna vipepeo wadogo wa buluu. Nyasi ndefu ni za wale wa kahawia wanaotoka jioni jua likishazama, kama Melanitis leda.

Kisha kuna magugu. Asystasia gangetica, lile gugu laini lenye maua meupe linalotambaa chini ya minazi na pembeni mwa mifereji, hulisha viwavi wa Junonia oenone, kipepeo mweusi mwenye duara la buluu kali kwenye kila bawa la nyuma. Watu hulipalilia kila wiki, kisha wanauliza vipepeo wamekwenda wapi. Acha kipande chake, hata kama ni hatua mbili kwa mbili.

Hatua ya pili: panda jani la kiwavi

Kama utapanda mti mmoja tu, basi uwe wa jamii ya ndimu. Huna haja ya mche wa kubebeshwa, maana hapa hutafuti matunda. Kamua limau, chukua mbegu zake zikiwa mbichi bila kuzikausha, uzipande siku hiyohiyo kwenye kopo lenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Zitaota baada ya wiki chache. Mche ukifika urefu wa kiganja, uhamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini au moja kwa moja ardhini penye jua. Panda mitatu kama nafasi ipo: mmoja ukiliwa, mingine miwili inachipua.

Jike wa Papilio demodocus hupenda machipukizi, yale majani ya kijani hafifu ambayo bado ni laini. Ndiyo maana mdimu mkubwa uliokauka kwa kiangazi hatauangalia sana, lakini mche mdogo unaomwagiliwa atauendea. Ukipunguza ncha za matawi mvua zinapokaribia, mti utatoa machipukizi mengi kwa pamoja na utapata mayai zaidi.

Yai lenyewe ni la mviringo, njano hafifu, upana wa milimita moja hivi, na kwa kawaida hutagwa moja moja. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mweusi mwenye baka jeupe mgongoni, anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege. Hiyo ndiyo kinga yake: anakaa katikati ya jani, hadharani, na ndege wanampita. Akijichuna ngozi mara kadhaa hubadilika kuwa wa kijani mwenye michirizi ya kahawia, mnene kama kidole cha mtoto. Ukimgusa wakati huo hutoa nyuma ya kichwa kiungo chenye pembe mbili, cha rangi ya chungwa, chenye harufu kali inayokereketa pua. Chungu na nyigu huikimbia harufu hiyo. Wewe haikudhuru, na kiwavi huyu hawashi, kwa hiyo watoto wanaweza kumwangalia kwa karibu. Wanaowasha ni wale wenye manyoya, ambao wengi wao ni watoto wa nondo. Hao wafundishe watoto wasiwaguse.

Wakulima wa machungwa wa Muheza wanamjua kiwavi huyu kwa upande mwingine, maana miche michanga kitaluni anaweza kuimaliza majani. Hoja yao ni ya kweli. Mti uliokwisha kuwa mkubwa haupati shida yoyote, lakini kama una mche wa kubebeshwa ulionunuliwa kwa ajili ya matunda, hamisha viwavi kwa kukata jani walilokalia na kulibandika kwenye mlimau wako wa mbegu. Hawatajali, mradi ni jamii ileile.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kuchagua mahali pa mti ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mdimu wenye kiota cha maji moto hautatoa kipepeo hata mmoja. Lakini usiwaangamize, kwa sababu hao hao ndio wanaolinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza matunda machanga. Panda mlimau wa vipepeo mbali na mwembe au mnazi walioweka makao, na uhakikishe matawi hayagusani, maana tawi moja tu linawatosha kuvukia.

Mmea wa pili ninaoupigania ni wowote wa jamii yenye utomvu mweupe inayomlisha Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa madoa meupe. Katika vitalu utapata Asclepias curassavica, yenye vishada vya maua mekundu na njano. Porini kuna Gomphocarpus, ambayo tunda lake limejaa hewa na lina vinywele. Kiwavi wake ana mistari myeupe, myeusi na ya njano, na jozi tatu za vipembe laini vyeusi. Pupa wake, yaani kiwavi aliyejifungia ndani ya ganda ili ageuke kipepeo, huning'inia akiwa wa kijani hafifu au waridi, na amezungukwa na nukta za dhahabu ambazo huwezi kuamini hazikuchorwa na mtu.

Utomvu wa mimea hii una sumu. Kiwavi huila bila kudhurika, akaihifadhi mwilini, na kipepeo anayetoka humtapisha ndege anayemla. Ndege akijifunza mara moja, hagusi tena rangi hiyo. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye yeye hana sumu, amevaa rangi zilezile na anaishi kwa usalama wa jirani yake. Kwa binadamu, sumu hiyo ina maana kwamba utapanda mmea huu mbali na mbuzi na watoto wadogo, utavaa glavu ukiukata, na hutajipangusa macho kabla ya kunawa.

Kwa madume wa Danaus kuna njia nyingine inayofanya kazi vizuri sana na haigharimu kitu: marejea. Mmea huu, ambao wakulima hupanda kurutubisha udongo, una kemikali ambazo madume huzihitaji ili kutengeneza harufu ya kumvutia jike. Ng'oa mashina machache, yaache yanyauke, kisha yafunge fungu na uyaning'inize kivulini kwenye urefu wa kifua. Madume hutua juu ya majani makavu, huyakwaruza na kuyafyonza, na hushughulika nayo kiasi kwamba unaweza kusogea karibu sana bila wao kuruka.

Hatua ya tatu: maua

Hapa sina maneno mengi. Panda maua yenye viua vidogo vingi vilivyoshikana, ili kipepeo atue mara moja na kunyonya mara nyingi, na uyapande kwa fungu. Miche kumi ya aina moja pamoja huonekana kutoka mbali kuliko miche kumi iliyotawanywa. Pentas lanceolata ni ya kwetu Afrika Mashariki, huchanua karibu mwaka mzima, na kama ningeruhusiwa ua moja tu ningechukua hilo. Zinia huota upesi kwa mbegu, lakini chagua zile zenye petali za safu moja, maana zilizojazana petali hazimwachii kipepeo nafasi ya kufikisha mrija wake. Iksora, alizeti, kosmosi na mtugutu pia ni nzuri.

Mrehani usiukate wote. Akina mama wa pwani huukata kabla haujachanua ili majani yazidi, na ni sawa kwa ajili ya vikuba, ila bakiza mashina mawili yachanue na utaona wadudu wa kila aina. Kishona nguo, pamoja na kero yake yote ya kung'ang'ania kanzu, ni chakula kikubwa cha vipepeo wadogo. Wacha kidogo nyuma ya nyumba.

Lantana usiipande, hata kama vipepeo wanaipenda na muuzaji anaisifu. Ilitoka Amerika, imevamia malisho na kingo za misitu yetu, ndege wanasambaza mbegu zake na mifugo wakila majani wanaugua. Alizeti mwitu, ile Tithonia diversifolia ya maua ya njano inayojaza kingo za barabara, nayo ina tabia ya kumeza kila kilicho jirani.

Hatua ya nne: jua bila upepo

Mwili wa kipepeo hautengenezi joto la kutosha kama wetu. Lazima aote jua kwanza ndipo misuli ya kurukia ifanye kazi. Weka mawe mawili matatu bapa au vigae vya zamani mahali panapopata jua la asubuhi, katikati ya maua au karibu nayo.

Upepo ndio tatizo la nyumba zilizo karibu na bahari. Kusi ikivuma, maua yaliyo upande wa kusini wa nyumba hayatembelewi kabisa. Angalia upepo wa kwako unatoka wapi miezi ya Juni na Julai, kisha panda ua wa michongoma, hibiskasi au hata mihogo kwa upande huo, na maua yako yakae nyuma yake. Ukuta wa tofali unazuia upepo pia, ila unapowekwa karibu mno huleta kivuli.

Hatua ya tano: tope lenye chumvi

Umewahi kuona vipepeo kumi ishirini wamejikusanya pembezoni mwa dimbwi barabarani baada ya mvua? Wengi wao ni madume. Mbochi ya maua ina sukari lakini haina chumvi ya kutosha, nayo inahitajika kwa uzazi. Dume huifyonza topeni na kumpa jike pamoja na mbegu zake.

Chukua sahani pana ya udongo au sufuria iliyotoboka, ifukie usawa wa ardhi mahali penye jua, ijaze mchanga uliochanganywa na samadi kidogo, utie chumvi kiasi cha ncha ya kijiko. Mwagia maji hadi mchanga ulowe bila maji kusimama juu, ili mbu wasipate pa kuzaliana. Loweka tena kila unapomwagilia bustani.

Hatua ya sita: matunda yaliyoiva kupita kiasi

Vipepeo wengine hawana shughuli na maua kabisa. Jamii ya Charaxes, wenye miili minene na mabawa yenye mikia, pamoja na wale wa kahawia wa nyasini, hula matunda yaliyooza, utomvu wa miti, hata kinyesi. Ponda ndizi mbivu sana, ongeza ganda la nanasi au embe lililochubuka, na kama unapata tembo la mnazi mimina kidogo, uache siku mbili mchanganyiko uchachuke. Uweke kwenye kisahani chini ya kivuli cha mti.

Sisimizi watafika kabla ya vipepeo. Dawa yake ni kuweka kisahani hicho ndani ya sahani kubwa yenye maji, au kukining'iniza kwa kamba iliyopakwa grisi. Mchanganyiko ubadilishe kila baada ya siku tatu nne, na usiuweke karibu na dirisha la jikoni kwa sababu ya nzi.

Hatua ya saba: dawa na ufagio

Dawa ya wadudu haichagui. Na neno "ya asili" lisikudanganye: maji ya mwarobaini yanavuruga ukuaji wa viwavi, pareto inaua vipepeo sawasawa na mbu, na dawa za bakteria ya Bacillus thuringiensis zinazouzwa kwa ajili ya kilimo hai zimelengwa viwavi moja kwa moja. Kama mboga zako zimeshambuliwa, okota wadudu kwa mkono au nyunyiza kwenye tuta hilo pekee jioni isiyo na upepo, mbali na mlimau. Vidukari kwenye pentasi wasugue kwa maji tu.

La ufagio ni gumu zaidi kwa sababu linagusa heshima ya nyumba. Uwanja wa pwani unafagiliwa hadi mchanga uonekane na mistari ya ufagio, na watu huogopa majani kwa sababu ya nyoka. Hofu hiyo siidharau. Fagia mbele ya nyumba na njia zote za kupita kama kawaida, lakini kule kwenye uzio, mbali na mlango, acha ukanda wenye nyasi na majani makavu. Viwavi wengi huteremka kwenye mmea waliokula na kutembea mita kadhaa kutafuta pa kugeukia pupa, na ukanda huo ndio makao yao. Ukikuta pupa amejibandika kwenye ukuta au kwenye fremu ya dirisha, amefungwa kiunoni kwa uzi mwembamba wa hariri, usimbandue ili kupaka rangi. Mpe wiki mbili au zaidi.

Hatua ya nane, kwa anayetaka: lea viwavi mwenyewe

Katika uwanja wowote viwavi wengi huliwa na ndege, vinyonga, mijusi na nyigu. Ndivyo ilivyo na ndivyo inavyofaa kuwa. Lakini ukitaka watoto waone mabadiliko yote, au mche wako ni mdogo mno, unaweza kuwalea wachache.

Ujuzi huu uko kwetu. Gede nchini Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, na wanavijiji hufuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na kwingineko. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wafugaji walifanya kazi hiyohiyo hadi mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipozuia kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi, zuio lililowaumiza sana. Unguja kuna kituo cha vipepeo kule Pete, karibu na msitu wa Jozani. Ukipita mojawapo ya sehemu hizo, waulize wafugaji wenyewe. Mtu mmoja aliyelea viwavi kwa miaka anajua majani ya mtaa wenu kuliko kitabu chochote.

Kwa nyumbani, tengeneza kasha la mbao au la fremu ya waya na ulizungushie wavu wa madirishani. Usitumie chandarua cha kitanda: vingi vimetiwa dawa, na viwavi watakufa ndani ya saa chache. Kata tawi la mlimau lenye kiwavi, litie kwenye chupa ya maji, na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba, maana kiwavi akifuata shina hadi majini atazama. Badilisha tawi kila linapoanza kunyauka, ukikata lile lililo na kiwavi na kuliegesha kwenye jipya ili avuke mwenyewe. Safisha kinyesi kila siku, kwani kinaota ukungu. Ndani ya kasha weka kijiti kikavu kilichosimama, ndipo atakapojifunga awe pupa.

Siku ya kutoka, pupa hubadilika rangi na mabawa huonekana kupitia ganda. Mara nyingi hutoka asubuhi. Usimsaidie kupasua ganda wala usimguse akiwa na mabawa yaliyokunjamana: anahitaji kuning'inia ili mabawa yajae na kukauka, na akianguka chini wakati huo atabaki kilema. Matone mekundu-kahawia atakayodondosha si damu, ni uchafu uliobaki wa maisha yake ya pupa. Baada ya saa mbili tatu, jua likiwa limepanda, fungua kasha.

Lini kuanza

Miche ya mlimau na pentasi ipande masika yanapoanza, mwezi wa tatu, au vuli mwezi wa kumi, ili isikutegemee wewe peke yako kwa maji. Mayai ya kwanza yanaweza kuonekana mche ukiwa na majani kumi tu. Vipepeo huwa wengi mwishoni mwa mvua na wiki zinazofuata. Mwezi wa saba, kusi ikiwa kali na majani yamekomaa, watapungua sana hata kwenye bustani nzuri kuliko zote, usidhani umekosea. Tumia muda huo kukata pentasi zilizorefuka hadi nusu, kutandaza majani makavu chini ya milimau, na kukusanya mbegu za zinia na marejea. Mwezi wa tisa anza kumwagilia milimau kwa maji ya kuoshea mchele ili machipukizi yawe tayari vuli inapoingia.